Kichomi cha Vuguvugu: Hoja kuhusu Maji, Mitambo na Lugha ya Mtunza Majumba

Ndugu msomaji, yamkini utashangaa kuyaona matangi ya maji, minara ya kupoza mitambo na mabomba ya bafuni yakijadiliwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kurasa hizi zijae mijadala ya uhakiki, isimu na ushairi, na ni vyema iwe hivyo. Hata hivyo, lugha isiyoweza kumfaa mtu aliyepanda juu ya paa kusugua tangi ni lugha iliyofungiwa darasani. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba upo ugonjwa unaoua, na ambao unazuilika kwa kazi ya mikono ya mafundi na watunza majumba. Kazi hiyo haiwezi kufanyika ipasavyo pale ambapo maagizo yake hayaeleweki na ugonjwa wenyewe hauna jina. Jukumu la kuliziba pengo hilo ni letu sisi tunaosomea Kiswahili. Tusiwaachie madaktari na wahandisi peke yao.

Tuanze na chanzo cha jina. Mnamo Julai 1976, wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Baada ya mkutano, watu walianza kuugua homa kali na kichomi. Jumla ya wagonjwa ilifika 221, na 34 kati yao wakafariki. Kwa muda wa miezi kadhaa wataalamu hawakujua kilichowaua. Ilikuwa Januari 1977 ambapo Joseph McDade na Charles Shepard, wa kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani, walipomtambua bakteria aliyesababisha maafa hayo. Akaitwa Legionella kwa sababu ya wastaafu wale, na ugonjwa nao ukapewa jina lao. Mtambo wa kupoza hewa wa hoteli ndio ulioshukiwa kuwa chanzo.

Ili tuelewe jinsi mtambo wa kuburudisha watu unavyoweza kuwaua, hatuna budi kuelewa unavyofanya kazi. Katika majengo makubwa na viwanda, maji hupitishwa kwenye mitambo ili yachukue joto. Maji hayo yakishapata moto hupelekwa kwenye mnara, ambako humiminwa kutoka juu huku feni ikivuta hewa kuyapitia. Sehemu ya maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Yanayobaki hupoa, hukusanyika chini na kurudishwa mtamboni. Ukiyachunguza maji hayo utaona kuwa yana kila kitu ambacho bakteria huyu anakihitaji: vuguvugu la nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, vumbi lililoletwa na hewa, kutu, chokaa iliyoganda, na ule utando telezi unaojijenga kwenye kuta za mabomba. Ndani ya utando huo huishi amiba, na bakteria huzaana ndani ya amiba wakiwa wamekingwa dhidi ya dawa. Kisha feni hurusha nje matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mpita njia huyavuta pamoja na pumzi yake bila habari, na kati ya siku 2 na 10 baadaye, wakati mwingine zaidi, huanza kuugua.

Historia ya hivi karibuni ina mifano ya kutosha. Mwaka 2001, mjini Murcia nchini Uhispania, wagonjwa 449 walithibitishwa, na lawama ikaangukia minara ya kupoza maji ya hospitali. Kati ya 2003 na 2004, katika jimbo la Pas-de-Calais nchini Ufaransa, mnara wa kiwanda uliwaambukiza watu 86, wakafa 18. Baadhi yao walikuwa wakiishi kilomita kadhaa kutoka kiwandani. Mwaka 2015, mnara wa hoteli moja katika mtaa wa Bronx, New York, ulisababisha maambukizi ya watu 138 na vifo 16. Jiji hilo lilitunga sheria mwaka uo huo kulazimisha minara yote iandikishwe na kukaguliwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2025, watu 114 waliugua katika mtaa wa Harlem na 7 wakafa. Ni dhahiri shahiri kwamba sheria bila mkono wa kuitekeleza ni sawa na ngao iliyotundikwa ukutani.

Hata hivyo, mfano unaonigusa zaidi kama mwanafunzi wa lugha ni wa mji wa Barrow-in-Furness, Uingereza, mwaka 2002. Watu 7 walikufa na wengine zaidi ya mia moja wakaugua kutokana na mtambo wa kupoza hewa wa ukumbi wa sanaa uliomilikiwa na baraza la mji. Uchunguzi ulionyesha kwamba kazi ya kutibu maji ya mtambo huo ilikuwa imeondolewa katika mpango wa matunzo. Tafakari hilo, msomaji. Kabla ya bakteria kuingia mapafuni mwa mtu yeyote, kulikuwa na kasoro katika hati. Kipengele kilikosekana karatasini, na watu wakazikwa.

Hapana shaka kuna msomaji atakayeniuliza: haya yote yana uhusiano gani na Kitale au Bungoma? Kitale umo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Elgon. Hapa watu hutafuta blanketi, hawatafuti viyoyozi. Swali hilo ni la haki na lastahili jibu la haki. Minara ya kupoza hewa ya hoteli kubwa kubwa ni adimu katika miji yetu. Vile visanduku vya viyoyozi vinavyotundikwa ukutani katika benki na ofisi, vinavyodondosha maji nje, havina mnara wala havirushi manyunyu. Si vyema kuwatia watu hofu kuvihusu. Ila tusisahau kwamba eneo hili ni la viwanda pia. Bungoma ina kiwanda cha sukari cha Nzoia, Webuye ulijulikana kwa karatasi tangu miaka ya 1970, na Kitale ni mji wa mbegu na maziwa. Kupoza mitambo kwa maji ni jambo la kawaida katika viwanda vya aina hizi popote duniani. Simtuhumu yeyote. Nasema tu kwamba penye maji ya vuguvugu yanayozunguka na kurushwa hewani, pana haja ya ulinzi.

Fauka ya hayo, bakteria huyu hauhitaji mnara. Anaridhika na mfumo wowote wa maji ya jengo, mradi maji yasimame na yapate vuguvugu. Angalia mapaa ya mabweni, hospitali na nyumba za kulala wageni kutoka Kanduyi hadi Kibomet. Kwa kuwa maji ya mfereji hayaji kila siku, kila jengo lina tangi, aghalabu jeusi, linalopigwa na jua mchana kutwa. Kanuni za nishati za 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku waweke mitambo ya kupasha maji kwa jua. Lilikuwa wazo jema. Lakini mnamo Julai na Agosti, mawingu yanapoufunika Mlima Elgon, mtambo wa jua usiosaidiwa na umeme hutoa maji ya uvuguvugu tu. Halafu kuna likizo. Shule hufungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Novemba. Maji hulala mabombani kwa majuma kadhaa. Siku ya kufungua, mamia ya wanafunzi hufungua manyunyu ya bafuni kwa pamoja. Mwaka 2020 shule zetu zilifungwa mwezi wa Machi, na madarasa mengi hayakurejea hadi Januari 2021. Ni nani aliyeyamwaga maji ya miezi tisa kabla ya watoto kuoga?

Kuna wanaosema kwamba ugonjwa huu haujasikika kwetu. Mimi huwajibu kwamba jicho haliwezi kuona lisichoelekezwa. Dalili zake ni homa, kikohozi, maumivu ya kichwa na ya misuli, pengine kuhara na kuchanganyikiwa. Kwa mganga yeyote hicho ni kichomi kama vichomi vingine. Kukitofautisha kunahitaji kipimo maalumu cha mkojo au cha makohozi. Mgonjwa akipewa penisilini au amoksisilini hatapona kwayo, kwa sababu bakteria hujificha ndani ya seli ambamo dawa hizo hazimfikii. Anahitaji dawa za jamii nyingine, mathalani azithromaisini au levofloksasini. Kwa jumla, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa, na idadi huzidi kwa walioambukizwa wakiwa tayari wamelazwa hospitalini. Wanaoathirika zaidi ni wazee, wavutaji sigara, wenye maradhi ya mapafu na wale ambao kinga yao imepungua. Watu wa aina hizo tunaishi nao katika kila kijiji. Jambo la kutia moyo ni kwamba kwa kawaida ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Chanzo kikisafishwa, mlipuko huzimika.

Basi, nani hukisafisha chanzo? Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha mjini Kitale, nilipangiwa chumba karibu na stoo ya mtunza majumba wa shule. Alikuwa mzee mwenye kufahamu kila bomba la shule ile, hata yaliyofukiwa kabla ya yeye kuajiriwa. Siku moja kabla ya muhula kuanza nilimkuta ameshika dumu la dawa ya kusafishia maji. Akaniambia, “Mwalimu, nisomee hapa. Wameandika Kizungu kidogo kidogo.” Maandishi yalikuwa madogo kweli. Yalieleza kiasi cha kutia, muda wa kungoja, na onyo la kutochanganya dawa hiyo na dawa nyingine. Nilipomuuliza amekuwa akipimaje siku zote, alinionyesha kifuniko cha dumu. “Hiki kimoja,” alisema. “Tangi likiwa kubwa, viwili.” Hakuwa mzembe. Alikuwa amefanya kazi kwa bidii miaka yote hiyo, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kumwandikia kwa lugha anayoisoma.

Jioni hiyo nilimweleza habari za ugonjwa huu. Nikakwama mara moja kwenye jina. Nimwambie ni “ugonjwa wa wanajeshi wastaafu”? Angeona haumhusu, maana yeye hakuwahi kuwa mwanajeshi. Jina hilo lina kasoro hata lilikotoka. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuyapa majina maradhi mapya, likashauri kwamba majina ya watu, mahali na kazi yaepukwe. Miongoni mwa mifano ya maneno yasiyofaa, lililitaja jina hili hili la wastaafu.

Sisi wana wa Kiswahili tunajua vyema jinsi jina linavyoweza kuponya au kupotosha. Pepopunda lina pepo ndani yake, na mwenye kulisikia hatajua kamwe kwamba chanzo ni kidonda kilichoingia uchafu. Degedege limefungamana na imani za ndege na mashetani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria, hivyo wakatafuta tiba ya jadi kwanza. Kwa upande mwingine, kichaa cha mbwa ni jina linalomwonya hata mtoto: mwepuke mbwa yule. UKIMWI nalo, Upungufu wa Kinga Mwilini, ni jina linaloeleza kiini cha ugonjwa wenyewe. Istilahi njema ya afya haina budi kumwelekeza msikilizaji kwenye chanzo, na ikiwezekana kwenye kinga.

Kwa kuzingatia hilo, nilijaribu kumwambia mzee yule kwamba tukiite “kichomi cha manyunyu,” kwa kuwa huingia kwa kuvuta matone madogo. Nilijiona nimevumbua. Alicheka. “Mwalimu, manyunyu si ni haya ya saa tisa alasiri? Ukiwaambia akina mama hivyo watafungia watoto nyumbani mvua ikinyesha.” Alikuwa amesema kweli. Tayari wengi wetu huamini kwamba kichomi huletwa na baridi na mvua. Jina langu lingeikoleza dhana hiyo na kuwasahaulisha tangi lililo juu ya paa. Tukaendelea kuzungumza. Nilipomweleza kuwa maji baridi sana humdumaza mdudu huyu na maji moto sana humuua, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe shida ni vuguvugu.”

Hapo ndipo nilipolipata jina ninalolipendekeza kwenu: kichomi cha vuguvugu. Wauguzi na watafiti waendelee kutumia Legionella katika maandishi yao ya kitaalamu, hakuna ubaya. Lakini katika mabango, redioni na katika mafunzo ya mafundi, jina hili linabeba kanuni nzima ya kinga. Anayelisikia atauliza, “Vuguvugu la nini?” na jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe. Kadhalika, utando telezi wa mabombani napendekeza tuuite ukoga, neno tulilo nalo tayari kwa uchafu unaoganda kwenye meno. Fundi akiambiwa “sugua ukoga” ataelewa kwamba kumwaga dawa juu yake hakutoshi, kama vile kusukutua mdomo hakutoshi bila mswaki.

Pamoja na jina, tunahitaji maagizo. Nimejaribu kuyaandika kwa Kiswahili ambacho mzee yule alikisoma mwenyewe bila kuniuliza:

(i) Jua maji yako. Chora mchoro wa matangi, mabomba na mifereji yote, pamoja na ile isiyotumika.

(ii) Maji baridi yawe baridi. Funika tangi na ulikinge na jua. Maji yasizidi nyuzi 20 ikiwezekana, wala yasivuke 25.

(iii) Maji moto yawe moto. Yahifadhiwe kwa nyuzi 60, na yafike mferejini yakiwa na 50 au zaidi. Maji hayo huunguza. Wenye kuoga, hasa watoto na wazee, wachanganyiwe na ya baridi kwanza.

(iv) Maji yasilale. Mfereji usiotumika ufunguliwe kila juma kwa dakika kadhaa. Baada ya likizo, mwaga maji yote ya zamani kabla watu hawajaoga, na uifungue mifereji polepole ili usirushe matone.

(v) Sugua ukoga, toa tope na chokaa, kisha ndipo utie dawa. Dawa hainyonywi na uchafu isiishe nguvu.

(vi) Penye mnara wa kupoza, tibu maji kila wakati, ukague vizuizi vya matone, na uusafishe wote walau mara mbili kwa mwaka. Zima feni kabla ya kuosha, na uvae kinga ya pua na mdomo. Mnara usielekee madirisha ya watu.

(vii) Andika tarehe, kazi uliyofanya na jina lako. Kisichoandikwa hakikufanyika.

Kiasi cha dawa sikukitaja kwa makusudi. Hutegemea aina ya dawa na wingi wa maji, na mfasiri asiyejua kemia hapaswi kubuni vipimo. Hapo ndipo tunapohitaji kushirikiana na wahandisi na maafisa wa afya ya umma: wao walete vipimo, sisi tulete sentensi isiyoweza kueleweka vibaya.

Najua wapo wahadhiri watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ajishughulishe na Kiswahili, na uhandisi auachie wenyewe. Nawaheshimu, lakini nawaomba waukumbuke mji wa Barrow na kile kipengele kilichokosekana. Aidha, Katiba ya 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi habari na mafunzo yanayohitajika kwa usalama wake. Habari isiyoeleweka haijatolewa. Huduma za afya sasa zimo mikononi mwa kaunti, na ofisi za Bungoma na Trans Nzoia haziko mbali na vyuo vyetu. Si lazima tungoje Nairobi.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, chama chetu kiteue kikundi kidogo cha kutafsiri maagizo ya usalama wa maji, na kila tafsiri isomwe kwanza na fundi mmoja na mtunza majumba mmoja kabla ya kusomwa na mhadhiri. Pili, idara zikubali kazi kama hizo kuwa sehemu ya miradi ya tafsiri ya mwaka wa mwisho. Tatu, tuanzie nyumbani: kila mmoja wetu aulize ni lini tangi la bweni lake lilisafishwa mara ya mwisho, na nani aliandika tarehe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa roho za watu.

Mazoezi yangu ya kufundisha yalipokwisha, niliibandika karatasi ile kwenye mlango wa stoo. Mzee aliisoma tena kwa sauti, polepole, akatoa kalamu ya risasi sikioni, na kwenye agizo la saba akaandika tarehe ya siku hiyo na jina lake.